Jina Alilonyamazia Mtoto

Phanice wa Mashimoni hapikii stovu, ana kamtungi kake ka gesi. Sasa hiyo harufu ya mafuta ya taa iliyompiga puani kila alipofungua zile karata ilitoka wapi? Angejiuliza mapema. Wapi!

Zilikuwa karata za tarot, zile za kutabiria, alizikuta ndani ya mkoba wa mitumba. Hakupiga ramli nazo. Alifuata mafunzo ya kwenye simu: toa karata moja, fumba macho, vuta pumzi, ingia ndani ya picha, uuulize moyo wako unataka nini. Tangu ajifungue alikuwa na huzuni asiyoweza kuieleza, na hizo dakika zilimtuliza. Ila kila akichanganya, ilitoka ileile: mzee wa joho la kijivu, kasimama juu ya kilima chenye theluji, kashika taa. Asubuhi moja, badala ya kuuuliza moyo wake, akamuuliza mzee jina. Naye, ibilisi yule, akamjibu.

Siku hiyohiyo mama mkwe wake, Nasipwondi, alifika kutoka Bungoma kumpa mtoto jina. Kwao mtoto asiyekoma kulia huitwa majina ya marehemu wa ukoo. Atakalonyamazia ndilo lake, na mwenye jina ndiye amerudi.

"Ni wewe, Wekulo?"

Kilio.

"Ni wewe, Mukhwana?"

Kilio kikazidi. Phanice, hoi, kichwa kinamgonga, likamponyoka jina la yule mzee. Mimi silitaji, nina watoto.

Mtoto akanyamaza kimya.

"Huyo ni nani?" Nasipwondi akanong'ona. "Kwetu hatujazika mtu wa jina hilo."

Phanice akaiokota karata. Theluji ilikuwepo, kilima kilikuwepo, mzee hayupo. Akapiga mayowe.

Wakamwita Fatna, mama Mnubi mwenye ploti wanayopanga, anayejua kutoa majini. Akafukiza ubani, akasoma dua, akazunguka chumba akisoma, na kadiri moshi ulivyopanda ndivyo mafuta ya taa yalivyozidi kunuka, yakaufunika ubani, yakawaingia kooni, huku kitu kikilia kwi, kwi, kama mkono wa taa inayobembea, mara nyuma ya mabati, mara chini ya kitanda, mara pale pale kifuani pa Phanice alipomkumbatia mwanawe.

Fatna akaweka chetezo chini.

"Angeingia kwa mlango, ningemtoa kwa mlango," akasema polepole. "Lakini nyinyi mmemwita vile mnaita watu wenu. Mrudishe mtoto, Phanice. Muite jina la ukoo, haraka!"

"Wekulo," Phanice akaita. "Wekulo wangu, niangalie. Mukhwana? Baba, nisamehe, ni mimi mama yako."

Macho ya mtoto yamefumbwa. Kifua hakipandi tena. Nasipwondi akaanza kulia kilio cha msiba.

Phanice alitaka mtoto apumue, basi. Akainama sikioni mwake, akalitaja lile jina lingine.

Mtoto akafumbua macho, akavuta pumzi ndefu, akamtabasamia. Pumzi yake ilinuka mafuta ya taa.