Asubuhi ya Kuchuja Damu

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, Wadad na binti yake Ghinwa walitoka mji wa Zahle alfajiri kwenda hospitali, Beirut. Ghinwa alikuwa na miaka kumi na sita. Viwiko vyake vilikuwa na vinundu vya manjano, na damu yake ilijaa mafuta mabaya tangu alipozaliwa. Hakuwa mlafi hata kidogo. Ugonjwa aliurithi, nusu kwa baba, nusu kwa mama. Baba yake alianguka akifunga viatu, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Vidonge peke yake havikumtosha Ghinwa, kwa hiyo mashine ilimchuja damu. Mara tano mambo yalikwenda vizuri. Mara ya sita, Ijumaa ya Kwaresima, midomo ilikufa ganzi, vidole vikakakamaa, macho yakaona giza. Nesi Hiyam alisimamisha mashine, akamwinua miguu, akampa maji ya mshipa na dawa ya kalsiamu. Baada ya nusu saa msichana alikuwa anacheka.

Nyumbani, mama mkwe wake, Bibi Mantura, hakumung'unya maneno.

"Mashine hiyo inamnyonya mtoto," alisema. "Nimeshamzika mwanangu. Mjukuu simziki."

Wadad hakubisha. Yeye pia aliogopa. Siku ya kuchujwa ilipofika, hawakwenda.

Hiyam alipiga simu, akaelezwa, wala hakukasirika. Naye kwao ni Zahle. Jumapili akaja nyumbani, akapewa kahawa, kisha akauliza.

"Siku ile Ghinwa alikula nini asubuhi?"

Ghinwa aliangalia zulia. Alisema hakula kitu, hata maji hakunywa. Alikuwa amefunga hadi adhuhuri, kama bibi yake. Tena aliweka nadhiri: akimaliza Kwaresima nzima, Mungu amponye moyo.

"Na midomo ilianza ganzi lini?"

"Mapema. Nilinyamaza. Niliogopa mtaizima mashine."

Wadad alijishika kichwa. Safari nzima alikaa na mtoto garini, na hakumuuliza kama amekula.

Hiyam akaeleza taratibu. Damu hutoka mkono mmoja, huchujwa mafuta, hurudi mkono wa pili. Iliyo nje kwa wakati mmoja ni kidogo. Mirija ni mipya kila mara, ikitumika hutupwa. Dawa inayozuia damu isigande hushika kalsiamu ya mwili, ndiyo maana midomo hufa ganzi. Mgonjwa akisema mapema, nesi hupunguza mwendo wa mashine na kumpa kalsiamu, basi yanaisha. Kabla ya kuja, ale na anywe maji. Na ataje kila dawa anayomeza, hasa ya presha, maana nyingine zikikutana na mashine huteremsha presha ghafla. Ila asiache dawa yoyote mpaka daktari aseme.

"Bibi, kilichomwangusha ni njaa na kunyamaza," alisema Hiyam. "Lakini mafuta yanayobaki kwenye mishipa ndiyo yaliyomchukua baba yake."

Bibi Mantura alisimama. Aliondoka sebuleni na kikombe chake.

Ijumaa iliyofuata, siku mpya waliyopangiwa hospitali, Wadad alipoingia jikoni alfajiri, alimkuta bibi amesimama mbele ya jiko. Mwanamke huyu hakuwahi kugusa maziwa ndani ya Kwaresima kwa miaka sitini. Sasa alikuwa anapaka labne, mtindi mzito uliochujwa, isiyo na mafuta, kwenye mkate, anaukunja, anamwekea mjukuu mkononi.

"Kula," alisema. "Nadhiri yako nimeichukua mimi. Nitafunga kwa ajili yako, na wewe ule kwa ajili yangu."

Ghinwa alikula, machozi yakimtoka. Bibi akavaa koti, akaenda nao.

Hospitalini alikaa karibu na mashine, akiikodolea macho kama mgeni asiyemwamini. Saa moja ilipopita, Ghinwa aliinua kidole.

"Nesi, midomo imeanza."

Hiyam alipunguza mwendo, akampa kalsiamu. Ganzi ikaisha. Saa mbili baadaye vipimo vilitoka: mafuta mabaya yalikuwa yamepungua zaidi ya nusu.

Nesi alichomoa sindano, akataka kubana pamba ili damu isiendelee kutoka.

"Niachie mimi," alisema Bibi Mantura, akaushika mkono wa mjukuu wake. "Niambie tu nibane kwa muda gani."