Ampli ya Saluni ya Maman Thacienne

Siku ya soko Kamembe mtu hatembei, husukumwa. Joséphine alikuwa amesukumwa hivyo kutoka kituo cha mabasi hadi kwenye kibaraza cha mafundi wa redio, amebeba kichwani ampli ya gari, kile kikuza sauti cha muziki, nzito kama jiwe la kusagia. Pikipiki ikampigia honi mgongoni. Akashtuka, ampli ikateleza. Mikono miwili iliidaka kabla haijafika chini.

"Polepole, Maman," alisema mwenye mikono. "Hii ikianguka, mwenye kulia ni mimi."

"Wewe? Juu ya nini?"

"Juu utaniletea nitengeneze, na haitatengenezeka."

"Kwanza, mimi si Maman ya muntu."

"Basi pardon, mademwazeli."

Alikuwa kijana mrefu, amevaa shati la bluu lililopigwa pasi na kufungwa vifungo mpaka shingoni kama mwalimu, lakini ncha za vidole vyake zilikuwa na alama za kuungua. Jina lake Izabayo. Naye alimtazama msichana: blauzi ya njano, kitenge kilichofungwa kwa haraka, kucha zilizopakwa rangi ya zambarau yenye kumeta. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko ampli.

Joséphine alimweleza. Alikuwa msusi katika saluni ya Maman Thacienne. Mama huyo alikuwa amenunua ampli ya teksi iliyokufa, pamoja na bafle zake mbili za kutolea sauti, kwa sababu saluni ya jirani ilikuwa na muziki unaofika barabarani.

"Lakini gari hatuna," alisema.

"Na batri?"

"Batri inakufaka kila saa. Nani atakuwa anaibeba kwenda kuichaji? Mimi?"

Izabayo alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka.

"Basi tutailisha kwa ordinatere."

Joséphine alicheka mpaka akashika ukuta. "Ampli itakula ordinatere! Na jioni itakunywa nini?"

Kesho yake Izabayo alifika saluni na kisanduku cha chuma, kile kinachogawa umeme ndani ya ordinatere, yaani kompyuta, akakifanyia kazi juu ya kiti cha wateja. Nyaya zote za njano alizifunga pamoja ziwe kamba moja, kwa maana mmoja peke yake ungepata moto. Nyeusi akazifanya njia ya kurudi. Waya wa kijani akaugusisha kwenye mweusi, na feni ndani ya kisanduku ikaanza kuvuma.

"Imelala mpaka uifanyie hivyo," alieleza. "Inafikiri hakuna mwenye kuihitaji."

"Maskini! Na hii taa ya breki ya gari, unaifunga kwenye waya mwekundu ya nini?"

"Inataka kazi pande zote. Ukiipa kazi upande mmoja tu, ule wa njano unalegea."

Alipomaliza, alifunika kila kitu kwa sanduku la mbao lenye matundu, mteja asije akashika waya. Muziki wa Kinshasa ukalipuka, vioo vikatetemeka. Maman Thacienne alitoka nje akacheza barabarani na kitana mkononi.

"Musipandishe kupita hapa," Izabayo alionya, akichora alama kwenye kitufe cha sauti. "Bezi ikizidi, inajizima yenyewe. Hapo unatoa prizi kwenye umeme, unaiacha ipumue, unarudisha."

"Kama wewe ukikasirika?" Joséphine aliuliza.

"Mi sikasirikaka."

"Tutaona, fundi."

Kuanzia hapo simu ya Maman Thacienne haikutulia. "Ni fundi wako," mama alikuwa akisema, akiishikilia kwa vidole viwili vyenye mafuta. "Anauliza kama ampli imelala vizuri. Ampli!" Na Joséphine aliipokea nyuma ya pazia, akinong'ona na kucheka. Siku za Jumapili walitembea mpaka Gihundwe, yeye kwa viatu vya kisigino, Izabayo akiwa amempunguzia hatua. Walitazama Bukavu ng'ambo ya maji, mji uliowalea wote wawili. Izabayo alizaliwa kule, mtoto wa wakimbizi wa zamani. Joséphine alitoka kule akikimbia vita vya mwezi wa sita, miezi michache kabla ya hapo, yeye na mama yake, wakaja kwa shangazi.

Kaka yake Cirhuza alikataa kuondoka. Alibaki kulinda duka lao dogo la kuchapa na fotokopi. Tangu hapo hakuna aliyemwona. Waliorudi walikuta duka tupu na majirani wametawanyika. Mama yao alikataa kukaa matanga. "Silii mtoto nisiyeonyeshwa," alisema, na kila aliyevuka daraja la mpakani alimsimamisha na kumuuliza.

"Tutamutafuta pamoja, sheri wangu," Izabayo alimwahidi. "Mi pia niko na bantu kule."

Siku moja feni ilianza kukoroma. Joséphine alimpigia simu.

"Ni nywele," Izabayo alisema. "Saluni ni nywele. Toa prizi kwanza. Umetoa?"

"Nimetoa, bosi."

"Ngoja kidogo. Inua sanduku la mbao. Kwenye feni utaona uchafu."

"Ninaona. Ni kama paka amelala mule." Alikuwa anacheka bado. Aligeuza kisanduku cha chuma apate kuvuta nywele, na kicheko kikamkatikia.

Skrubu nne za kisanduku zilikuwa zimezibwa kwa rangi ya kucha. Zambarau, yenye kumeta. Kuna wakati fundi mmoja alimwibia Cirhuza kifaa ndani ya kompyuta, na tangu hapo akawa anachukua chupa ya dada yake na kuziba kila skrubu, ajue ikiwa mtu amefungua. Joséphine alikuwa akimgombeza kwa kummalizia rangi.

"Joséphine? Umetoa nywele?"

"Izabayo. Hii kintu ulitoa wapi?"

"Sokoni."

"Kwa nani?"

"Mafundi hatuulizanaka. Muntu analeta, unanunua."

"Uliulizwa na mimi, si na fundi. Kwa nani?"

"Sijui muntu ule," alisema Izabayo, na sauti yake ilikuwa imechelewa. Joséphine alikata simu.

Hakuipokea tena. Kichwani mwake alimwona Izabayo na shati lake la bluu akitoka katika duka lao na mzigo begani, na kila alipoifukuza picha hiyo ilirudi. Maman Thacienne alimtetea kijana, akachoka, akanyamaza.

Kisha asubuhi moja Izabayo alisimama mlangoni mwa saluni, shati halijapigwa pasi.

"Nilikudanganya," alisema mbele ya wateja. "Alinipa kaka yangu, Ndayisaba. Aliniletea gunia la vifaa, na mi sikuuliza. Siku ile uliponiuliza ndipo nikajua nilikuwa sitaki kuuliza. Sasa nimemuuliza. Njoo umusikie mwenyewe."

Walipanda mlima mpaka Nyakarenzo. Ndayisaba alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akipukuchua maharage, mtu wa makamo, macho mekundu. Hakusimama.

"Sikumuua," alisema. "Waliomuua ni askari, na walikuwa wamekwisha kwenda. Nilimukuta kwenye mlango wa duka la fotokopi, kule Bukavu. Bantu banabeba bitu, na mi nikaingia."

"Uliingiaje, kama alikuwa kwenye mlango?" Joséphine aliuliza.

Maharage yalimponyoka mtu yule.

"Nilimuruka," alisema. "Kuingia, na kutoka."

Izabayo aliinamisha kichwa. Ndayisaba aliendelea, polepole, kama mtu anayelipia kila neno. Alikuwa amerudi kuchukua kompyuta nyingine, akakuta wazee wawili wa jirani wanachimba kaburi, wamechoka. Alichukua jembe akachimba nao. Ni nyuma ya duka, kwenye pembe ya ukuta wa matofali. Walimfunika kwa pazia la duka, kichwa kikiwa upande wa ziwa.

"Pazia la maua?"

"La maua, ndiyo."

Joséphine alikaa chini palepale penye maganda ya maharage.

Safari ya kwenda kufanya matanga ilipofika, Izabayo aliwasindikiza yeye na mama yake mpaka darajani, amebeba mzigo wa mama. Mama hakuambiwa kaburi lilipatikanaje. Alijua tu kwamba kijana huyu ndiye aliyelitafuta. Alimshika mikono yote miwili. "Mungu akujalie wana wenye moyo kama wako, mwanangu," alisema, akatangulia kwenye kizuizi kuonyesha karatasi.

"Mukimaliza matanga nataka kuja kwenu," Izabayo alisema haraka. "Nataka kukuoa, Joséphine."

"Utakuja na nani?"

Baba yake Izabayo alikuwa amekufa. Mwenye kukaa mbele ya wazee na kuomba msichana kwa niaba yake alikuwa kaka yake mkubwa, na hakuwa na mwingine.

"Atakuja Ndayisaba," alisema Joséphine. "Atakaa kwenye kiti, atuombe. Na kwetu muntu wa kumujibu alikuwa Cirhuza."

"Nitatafuta mzee mwingine wa kusema."

"Na mimi nikiolewa kwenu, asubuhi nitamupelekea nani maji ya kunawa? Batoto bangu batamuita baba mkubwa." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Ungebaki na uongo wako, sheri, ningekuchukia, ningepona. Umenipa kweli. Sasa nitakuchukiaje?"

"Basi usinichukie."

"Sikuchukii. Ndiyo ubaya wake."

Alichukua mzigo kutoka mikononi mwake. Vidole vyao viligusana, na kwa muda mfupi hakuna aliyeviondoa. Kisha akapita kizuizi bila kugeuka, akamfikia mama katikati ya daraja.

"Kijana mzuri sana yule," mama alisema. "Mbona hutuambii atakuja kwetu lini?"

"Hatakuja, Mama."

"Juu ya nini?"

Joséphine alimshika mkono.

"Angalia mbao, Mama," alisema. "Hapa kuna tundu."