Taa Isiyozama

Magharibi ilipokwisha kuswaliwa, Maftah alikunja kanzu yake mpaka magotini akashuka mwaloni, ule mwalo mdogo wa wavuvi wa upande wa Luzira, kwenda kuhesabu taa. Ndiyo kazi yake, na hakuna mwingine aliyeaminiwa kuifanya.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Ghuba ile imekingwa na rasi ya mawe, kwa hiyo ndani maji hutulia hata siku ambayo nje ziwa linameza watu. Ukisimama mwaloni unadanganywa. Basi kila jioni hupelekwa chelezo cha mbao hadi mlangoni mwa ghuba, kikafungwa nanga ya jiwe, na juu yake ikawekwa taa moja. Maftah huchutama ukingoni akahesabu mpaka mia. Wimbi likiificha taa, hiyo imezama. Ikizama mara tatu, mtumbwi hautoki, hata uwe wa baba yake mzazi. Chini ya hapo, wavuvi wa mukene, hao dagaa wa ziwani, hupiga makasia wakaenda.

Hesabu yake haikuwa na upendeleo. Wala ulimi wake. Wiki tatu nyuma taa ilizama mara mbili, watu wakatoka, na Oyat hakurudi. Mjane wake, Aciro, alipomwendea kumuuliza kama kweli zilikuwa mbili tu, Maftah alimjibu mbele ya waombolezaji kwamba taa ilizama mara mbili. Wa tatu kuzama ni mumewe, na aliyemzamisha ni pombe ya waragi. Wako waliocheka. Aciro hakulia. Tangu siku ile kila alasiri alipanda kwenye mawe ya rasi, mkononi punje za kahawa zilizofungwa kwa jani la mgomba, akayasemesha maji. Wanawake wa mwaloni walimtania kuwa ziwa hili ni la Waganda, Kiacholi halikijui.

Jioni hii upepo ulikuwa wa kusini. Maftah aliusikia ukiyachapa mafunjo. Harufu ya magugumaji yaliyooza ilimjaa puani, na chini yake harufu nyingine, nzito, kama ya nguo iliyosahauliwa majini siku nyingi...

Mitumbwi sita ilikuwa tayari, kila mmoja na taa yake. Kwenye ule wa mbele aliketi Ocen, mwanajeshi mstaafu, kiongozi wa wavuvi. Nyuma yake alikuwa Shafiq, mdogo wake Maftah, tumbo moja, ndani ya koti la mvua alilolinunua soko la Owino asubuhi ile. Hiyo ilikuwa wiki yake ya pili ziwani. Kuoa, alioa juzijuzi.

Maftah akachutama, akaanza kuhesabu.

Kumi. Taa haikuzama.

Thelathini. Haikuzama.

Hapo akaikazia macho. Taa ya chelezo hata siku ya shwari huitikia, huinama na kuinuka kama mtu anayesinzia. Hii haikuitikia. Upepo ulivuma, mafunjo yalilala chali, na taa ilisimama palepale kama iliyopigiliwa msumari gizani.

Sitini na tatu.

Kitu kikamgonga ugokoni.

Akatazama chini. Kilikuwa chelezo. Kamba ya nanga imekatika, nyuzi zake zimechanuka kama ndevu. Taa yake imelala ubavu, kioo kimejaa maji, imezimika.

Akainua macho taratibu.

Mlangoni mwa ghuba, taa ilikuwa bado inawaka.

Ilikuwa saa ya kusema. Neno moja tu, na watu wote wangelala vitandani mwao. Lakini Ijumaa iliyopita alikuwa amelifunga ziwa, na wavuvi wa mwalo wa jirani wakatoka wakarudi mitumbwi imejaa. Wiki nzima Ocen alikuwa akiwasimulia watu, mpaka kwa wauza chapati, jinsi Muzee Maftah anavyohesabu kwa magoti yanayogongana kwa woga.

"Muzee, iko hesabu ama iko zaa?" Ocen aliuliza kutoka mtumbwini. "Kama macho imekwisha, sema. Tutaleta bibi yako ahesabu."

Mitumbwi yote sita ilicheka. Shafiq naye alicheka.

Kicheko cha Shafiq ndicho kilichomchoma. Maftah alisimama, akainua mguu, akakikanyaga chelezo, akakididimiza ndani ya tope hata kisionekane.

"Imezama mara ngapi?" Ocen akauliza.

"Haijazama."

Na ilikuwa kweli. Maishani mwake hakuwahi kusema uongo mwaloni.

Makasia yakaingia majini. Koti la Shafiq lilipopotea gizani ndipo hasira zikamshuka, akabaki na kile alichokifanya. Akaita jina la mdogo wake. Akaita tena, kwa nguvu zote. Upepo uliichukua sauti ukamrudishia kinywani.

"Usipoteze hesabu."

Aciro alikuwa amechutama kando yake. Hakumsikia akija.

"Ni nani ameishika ile?" Maftah alinong'ona.

Mwanamke akanyoosha kidole kuelekea ile taa.

"Si ulisema mume wangu alikuwa mlevi? Tazama mkono ulioishika, Muzee. Unatetemeka?"

Taa sita za mitumbwi zilivuka rasi. Ya kwanza ikainuka juu, juu sana, ikashuka. Haikuinuka tena. Ya pili. Ya tatu na ya nne zikaenda pamoja. Kelele haikufika, ni upepo tu na mafunjo. Maftah alitaka kufumba macho, lakini macho yaliyozoea kuhesabu hayafumbi. Ya tano.

Ya sita.

Alipogeuka, Aciro hakuwepo. Pale alipochutama mchanga ulikuwa mkavu, na punje mbili za kahawa.

Nyuma yake ndala zilisikika zikishuka mbio. Alikuwa Umulkheir, mke wa Shafiq, na chupa ya chai na shuka begani. Alisema upepo umemtoa ndani, mabati yanataka kung'oka, na moyo wake haujatulia. Maftah hakumgeukia.

"Shemeji, bado wanaonekana?"

Alifungua kinywa. Ukweli wote ulikuwa humo, na haukutoka. Kilichotoka ni kile alichokiona.

"Naona taa moja."

"Alhamdulillahi," akasema Umulkheir, akaketi mchangani. "Ni ya Ocen hiyo. Shafiq yumo."

Wakakaa. Ile harufu ya nguo ikazidi.

Halafu Umulkheir akasimama. Akaweka chupa ya chai chini, akakunja dera lake, akaingia majini mpaka magotini, shuka amelitandaza mikononi la kumfunika mumewe.

"Shemeji, wanarudi," alisema kwa furaha. "Tazama inavyokuja. Wala haiyumbi."