Mikanda Aliyoikaza Dereva

Ua wa karakana ulijaa vishindo na makelele ya wapakiaji, lakini Dereva alisikia sauti moja tu.

"Polepole, kipenzi. Hiyo si mifuko ya saruji."

Hakuwa akiambiwa yeye. Aliyekuwa akimbembeleza mwendesha kreni ni Mpimaji: ovaroli ya buluu, mikono imekunjwa, kitambaa cha njano kichwani. Miaka minne hawajaonana, na bado moyo ukampiga paa.

Kwenye ndoano zilining'inia sumaku tatu ndani ya fremu moja, za mtambo unaokimbiza chembe zisizoonekana kwa macho. Mpimaji ndiye aliyezipanga kwenye mstari mmoja; ikihama moja hata kwa unene wa unywele, chembe hupotea njia.

Safari yao ya mwisho walibeba mzigo kama huu. Siku tatu kwa mwendo wa mtu anayetembea, wawili peke yao kwenye kebini ya lori, wakitaniana, wakigawana chungwa. Siku ya pili, Mpimaji akiwa amesinzia, Dereva aliona mikanda iliyofunga mzigo imelegea. Akaikaza kwa nguvu zake zote, apate kusifiwa. Hakujua ililegezwa makusudi, fremu ipate kunesa juu ya springi zake. Fremu ikapinda. Mpimaji akaandika ripoti kama mambo yalivyokuwa. Dereva akasusa, simu za Mpimaji, mpenzi wake, zikalia mpaka zikachoka.

Sasa Mpimaji alikuwa amesimama mbele yake.

"Bado umesusa, baba?"

"Niliona umeniuza."

"Niliandika Dereva aliikaza mikanda. Na chini yake nikaandika kosa ni langu, sikumweleza. Hukusoma?"

Dereva aliinamia viatu vyake. "Niliishia penye jina langu."

"Miaka minne, kwa uvivu wa mstari mmoja."

"Nisamehe, mama."

"Mama ni yule anayekuulizia kila nikienda nyumbani. Eti, mkwe wangu kobe yuko wapi?"

"Unamjibu nini?"

"Kwamba yuko njiani. Mwendo wake anaujua."

Dereva alicheka. "Tukishusha mzigo huu, nataka kwenda kwake. Na mjomba wangu, tukakuombe rasmi."

Mpimaji alipanda kwenye kebini ya lori, akasogeza koti la Dereva, akaketi.

"Ni siku tatu," alisema. "Nisimulie hiyo miaka yote, usiruke hata mwezi. Ukimaliza, nitampigia mama."