Familia Nne kwa Nyumba Moja

Kila jioni fundi wa vigae alirudi nyumbani na magoti meupe kwa saruji. Alinawa uani, akakung'uta viatu, ndipo akaingia. Nyumbani kwenyewe kulikuwa chumba kimoja cha kupanga. Pazia lilitenga kitanda na jiko. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilikaa karibu na mlango. Aliyetaka kupita alimwomba kwanza asogeze kiti.

"Leo nimemaliza ghorofa ya tatu," alisema fundi. "Mke wangu, jiko lina dirisha. Unaosha vyombo huku unaona mti."

"Mimi nikiosha vyombo naona mgongo wako," mkewe alijibu. "Haya, sema. Una jambo."

Jambo lilikuwepo. Nyumba za jengo alilokuwa akiliwekea vigae zilikuwa zinauzwa, na kijana wa mauzo alikuwa amemwita fundi pembeni. Alimwambia, "Wewe ni mtu wetu. Leta kianzio kufikia Ijumaa, nyumba ya ghorofa ya tatu ni yako. Fedha iliyobaki benki itakukopesha, utairudisha kidogo kidogo kila mwezi."

Kianzio kilikuwa sawa na akiba yao yote. Ndani ya akiba ile kulikuwa na miaka ya kula mlo mmoja na kuvaa viatu vilivyoshonwa upya.

"Na kila mwezi tutaweza kulipa?" mkewe aliuliza.

"Tutaweza. Kijana amepiga hesabu mbele yangu. Nilichopata mwezi uliopita kinatosha, na chenji inabaki."

Mwezi uliopita fundi alifanya kazi saa za ziada, hata siku za mapumziko, maana jengo lilikuwa linakimbizwa. Hilo hakulisema. Hakukusudia kulificha, ila lilimtoka akilini. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Mkewe alizima taa ya cherehani. "Akiba haitoki hapa kabla hatujaonana na Bi Theluthi."

Bi Theluthi alikuwa jirani yao, mama mtu mzima aliyestaafu. Alifanya kazi katika chama cha akiba na mikopo, akiamua nani akopeshwe na nani angoje. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu kila aliyemwomba ushauri alimwambia: usilipie nyumba zaidi ya theluthi ya kipato chako.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mbona mmekuja wawili? Mmegombana, au mnanunua kitu?"

"Tunanunua nyumba," fundi alisema kwa fahari.

"Basi mtagombana baadaye. Kaeni."

Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha aliuliza, "Fundi, ukianza chumba, unamwaga saruji kwanza?"

"La hasha. Napanga vigae vikavu. Nikiona vya pembeni havikai vizuri, napanga upya. Saruji ikishakauka huna la kufanya."

"Kianzio ni saruji. Mkishindwa kuendelea, kinarudi?"

Fundi alikuna goti. "Kijana alisema hakirudi."

"Basi pesa nazo tuzipange kavu. Una vipande vya vigae kwenye mfuko wako wa kazi?"

Fundi alimwaga sakafuni vipande vya vigae vilivyovunjika. Bi Theluthi alivisogeza kwa fimbo yake. "Kwanza kipato. Mwezi uliopita ulipata vingi. Na jengo likiisha, mkawa mnangoja jingine?"

"Jengo likiisha, ananikopa mimi pesa ya sabuni," alisema mshonaji.

"Ndiyo maana hatuhesabu mwezi mnono peke yake. Jumlisheni mapato yenu wote wawili ya mwaka mzima, na miezi ya njaa ndani yake. Gawanyeni kwa miezi kumi na miwili. Hicho ndicho kipato."

Walipiga hesabu. Wakakubaliana kipato hicho kiwe vipande tisa.

"Theluthi yake ni vitatu," alisema Bi Theluthi. "Sita vilivyobaki ni vya chakula, karo, dawa na nauli. Sasa wekeni malipo ya benki ya kila mwezi."

Fundi aliweka kimoja kimoja. Vilifika tisa.

"Ongeza bima, kimoja. Ongeza mlinzi, lifti na pampu ya maji, viwili. Hayo kijana alikwambia?"

"Hakuniambia."

"Vimekuwa kumi na viwili. Ninyi mnavyo tisa. Ili kumi na viwili viwe theluthi, mngehitaji thelathini na sita. Yaani familia nne kama yenu, zote mabegani mwa nyumba moja."

Fundi aliinuka. "Malipo yangu hupita ofisini kwao. Kijana anajua ninachopata. Alijua nitashindwa."

"Alijua. Ukilipa, anapata kamisheni yake. Ukishindwa, nyumba inauzwa kwa mwingine."

"Huo ni wizi."

"Wizi uliovaa tai."

"Na mji gani huu, Bi? Sisi tunaujenga kwa magoti, halafu hatuna pa kulala ndani yake?"

"Swali zuri. Usiliulize peke yako."

Ndipo akawaeleza habari ya ushirika wa nyumba. Watu huweka akiba pamoja. Wakitaka kiwanja, huhakikisha hati yake katika ofisi ya ardhi kabla ya kulipa. Hujenga nyumba za kawaida, zisizo na lifti. Hakuna anayelipa zaidi ya theluthi yake, na anayejitoa hurudishiwa hisa zake.

Ijumaa kijana wa mauzo alikuwa tayari na kalamu. Fundi alikuja mikono mitupu, na nyuma yake walikuwa wafanyakazi wenzake.

"Niambie mbele ya hawa," alisema. "Gharama zote kwa mwezi ni kiasi gani, na anayenunua anatakiwa awe na kipato gani?"

"Kaka, wewe lipa kwanza. Mengine tutaelewana."

Fundi bomba alicheka kwa uchungu. "Nyumba ipi? Ghorofa ya tatu, yenye mti dirishani? Mbona hiyo umeniahidi mimi."

"Na mimi," alisema fundi rangi, mzee wa makamo. "Mimi nimeshalipa."

Hakuna aliyepiga kelele. Waliweka zana chini, wakakaa ngazini. Lifti ilisimama, rangi ikakauka ndani ya ndoo. Jua lilikuwa bado juu msimamizi wa jengo alipokuja mwenyewe na pesa za fundi rangi, zote, akamhesabia mkononi.

Wiki iliyofuata walianzisha ushirika. Bi Theluthi alikataa uenyekiti, akakubali kuwafundisha hesabu. Kiwanja cha kwanza walikiacha, kwa kuwa hati yake ilikuwa ya kughushi. Cha pili kilikuwa safi. Miaka ilipita, wakajenga, na familia ya fundi ikapata vyumba viwili kwa theluthi yake.

Siku ya kukabidhiwa funguo, mgeni rasmi kutoka halmashauri alisifu uvumilivu wa watu wa kipato cha chini.

Fundi aliomba nafasi. "Mheshimiwa, hatukuvumilia. Tulikasirika, tukapiga hesabu. Na wenzetu waliobaki kwenye vyumba vya kupanga bado wana hasira. Wanataka viwanja kwa bei inayolingana na mshahara wao. Jumatatu tutakuja ofisini kwako."

Mgeni rasmi alikunywa maji, akatabasamu, akasema ofisi yake i wazi kwa wote.

Jumatatu asubuhi waliijaza ofisi yake mpaka kwenye ngazi.