Kopo la Sadoki

Kila alfajiri Aikande alichota maji mferejini, akakama ng'ombe, kisha akajiandaa kwenda shule huku akimsikia baba yake akikohoa. Kikohozi hicho kilikuwa na miezi mitatu, na kilikuwa kimemkausha baba huyo, Sadoki, kama ganda la mgomba. Lakini Dismasi, nyapara wa shamba la kahawa, aliuita ugonjwa ule uvivu.

"Bwana mkubwa anataka cheti cha hospitali Jumatatu," alimwambia Sadoki. "Kikisema u mzima, shika jembe au hama kibanda."

Kuhama kibanda! Kilisimama juu ya ardhi aliyoilima babu yake Sadoki kabla Mzungu mwenye shamba hajaja na kamba zake za kupimia. Hakuna Mmeru aliyesahau.

Sadoki akajikongoja hadi hospitali mjini Arusha. Jamaldini, mpimaji wa makohozi, akampa kopo lenye kifuniko. "Alfajiri, kohoa kutoka ndani kabisa ya kifua, uteme humu."

Kesho yake Aikande alimwona baba akisukutua mara tatu, kisha akatema kidogo koponi, taratibu, kama wazee wanavyowatemea watoto baraka.

"Baba, mbona hukukohoa?"

"Nyamaza, mwanangu. Nimpelekee mtu uchafu wangu, anione nani? Peleka, na usiseme neno."

Aikande akapanda lori la maziwa kutoka Tengeru. Jamaldini akalifungua kopo, akaliinamisha.

"Hiki kimetoka kifuani?"

Aikande akatazama miguu yake. Akisema ndiyo, cheti kitaandikwa mzima, nao watafukuzwa. Akisema hapana, amemwaibisha baba.

"Hapana, Bwana Mganga. Baba alisukutua kwanza. Ametema kama anayebariki."

Jamaldini akacheka hadi kofia ikamwenda upande. "Basi nimebarikiwa! Ila mwambie mzee, hapa kwangu mgeni wa heshima ni uchafu."

Sadoki aliposikia alinuna, halafu akacheka mwenyewe, akakohoa sawasawa. Kopo la pili Aikande alilipeleka likiwa zito. Jamaldini akapaka makohozi kwenye kioo, akayapitisha motoni, akayatia rangi, akamwita Aikande kwenye hadubini.

"Naona vijiti vyekundu! Vidogo hivi ndivyo vinavyomwangusha baba?"

"Ndivyo. Na sindano huviangusha vyenyewe."

Aikande akamweleza habari ya nyapara na kibanda, na siku hiyohiyo Sadoki akalazwa. Jumatatu Aikande akampelekea Dismasi cheti.

"Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia Dismasi, akikitazama kwa makini.

"Umekishika juu chini," alisema Aikande kwa upole, akamgeuzia. "Hapa pameandikwa kifua kikuu. Hapa, asifanye kazi wala asihamishwe mpaka apone. Neno uvivu silioni."

Wachuma kahawa wakaangua kicheko. Kibanda hakikuguswa.

Miezi mingi baadaye Sadoki alirudi amenenepa, akapanda kilima bila kusimama. Akamketisha binti yake kando yake.

"Siku ile ungeficha aibu yangu, mwanangu, ungenizika nayo. Ugonjwa si aibu. Aibu ni kuuficha. Mganga mwambie kweli yote. Na mtu akikuita mvivu, mwambie alete ushahidi wake, kama wewe ulivyoleta wako."

Kisha akamtemea baraka. Safari hii hapakuwa na haja ya kopo.