Miti Mitatu Aliyoibakiza Osorio

Kila siku, kabla jua halijawa kali, Marlucia alikuwa ameshakaanga unga wa muhogo mara mbili. Kibanda chake cha unga kilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na mto Piraputanga. Mumewe, Deusdete, alikuwa akikamua ng'ombe wao watatu. Baba yake Marlucia, mzee Osorio, alikaa mlangoni na kikombe cha kahawa, akimkosoa mkwewe.

"Deusdete, unamvuta huyo ng'ombe kama unavuta kengele ya kanisa."

"Basi njoo ukamue wewe, mzee."

"Mimi nimekamua miaka hamsini. Sasa kazi yangu ni kutazama."

"Na kusema."

"Na kusema, ndiyo."

Ndivyo walivyoishi, wakichokozana kutwa na kupendana bila kusema.

Mwezi wa Januari mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano asubuhi, Marlucia alikuwa akivuka ua aliposikia ardhi ikiguna. Alisimama. Mbele yake, kibanda cha unga kiliinama polepole, kisha kikatumbukia mtoni. Kikaango kikubwa cha chuma kilielea kidogo, kikazama.

Marlucia hakulia. Alibaki ameshika ungo mtupu.

"Ningekuwa nimeingia," alimwambia mumewe. "Deusdete, bado hatua tano tu ningekuwa ndani."

Deusdete alimkumbatia. Kisha akapima kwa miguu kutoka ukingoni hadi ukuta wa jikoni. Hatua ishirini na mbili. Mwaka uliopita zilikuwa thelathini.

"Tuhamie mjini kwa kaka yangu," alisema.

"Hameni," alisema Osorio. "Mimi mtanikuta hapa hapa, au mtanikuta mtoni."

Kwa hiyo hawakuhama. Deusdete alijaza udongo kwenye magunia, akayapanga ukingoni pamoja na matairi makuukuu. Kazi hiyo ilimchukua wiki mbili. Mvua moja kubwa ikayabeba yote.

Jumamosi moja, Mama Zulmira alikuja kuomba maji ya kunywa. Zamani alikuwa mpishi wa shule. Siku hizi aliongoza kikundi cha watu wa kujitolea waliokusanya mbegu za miti ya asili na kuzipanda kwenye kingo za mto. Alikuwa na kofia pana, mfuko wa nguo begani, na daftari. Alitazama ukingo uliomeguka.

"Pole, mwanangu. Umeuona ukingo wa pili, kule kwenye kichaka?"

"Naona," alisema Marlucia.

"Mto ni huo huo, mvua ni hiyo hiyo. Mbona kule hakumeguki?"

Marlucia alitazama. Upande ule mizizi ilitokeza kwenye udongo, imeshikana kama vidole.

"Kuna miti."

"Basi. Udongo wenu hauna wa kuushika. Nyasi za malisho zina mizizi mifupi. Na ng'ombe wakishuka kunywa maji, wanaukanyaga ukingo na kuumega."

Deusdete alicheka kwa uchungu. "Mto unakula nyumba yangu, mama, halafu wewe unaniletea mbegu?"

"Sijakuletea, mwanangu. Utazitafuta mwenyewe."

Wiki iliyofuata Marlucia alikwenda na kikundi. Walikuta mti wa inga umejaa maganda marefu. Ndani ya maganda, kila mbegu imefunikwa nyama nyeupe tamu. Marlucia alikula mpaka midomo ikanata. Alirudi na gunia zima. Alisafisha mbegu vizuri, akazianika juu ya bati kama anavyoanika maharage. Baada ya siku sita zilikuwa ngumu, nyeusi, zimekunjamana.

Mama Zulmira alipoziona, alijishika kiuno.

"Lo! Umeziua zote."

"Nimeziua? Nimezikausha tu!"

"Mbegu ya inga haitaki kukauka. Ina maji ndani, na ikikosa maji inakufa. Ukiitoa leo, ipande kesho au kesho kutwa."

Marlucia aliona aibu. "Gunia zima, mama!"

"Usijali. Mimi mwaka wa kwanza niliziweka kwenye mfuko wa plastiki, zikaoza. Nyumba nzima ilinuka, mume wangu akalala nje." Wote wawili wakacheka. "Tena usivune mti mmoja mpaka ukaumaliza. Chukua kidogo, waachie ndege na wanyama, uende mti mwingine. Mbegu za mama mmoja zote ni ndugu. Ugonjwa ukija, unawaua wote pamoja."

Marlucia alijifunza. Mwezi wa Agosti walikusanya mbegu za jatoba. Hizo zina ganda gumu, na maji hayapiti. Alizisugua moja moja kwenye saruji mpaka rangi ya ndani ikaonekana. Kila mfuko waliuwekea karatasi: jina la mti, mahali, tarehe, na jina la aliyekusanya. Mama Zulmira aliyanakili yote kwenye daftari.

Lakini mti mmoja ulikosekana.

"Tunahitaji guanandi," alisema Mama Zulmira jioni moja, wakinywa kahawa na mikate ya jibini. "Huo unasimama kwenye maji miezi mitatu usife. Kwenye ukingo wa chini hakuna unaoushinda. Tumetafuta pande zote. Walioishi hapa zamani waliikata yote."

Osorio aliweka kikombe chini.

"Siyo walioishi hapa zamani," alisema. "Ni mimi."

Wote walimgeukia.

"Nilikuwa kijana. Nilitaka malisho, na mbao za guanandi zilikuwa na wanunuzi. Nilikata kuanzia hapa mpaka kwenye kona ya mto. Watu walinisifu, wakaniita shoka. Sasa mto unamla binti yangu." Alitazama mtoni. "Kibanda kilipoanguka, mimi nilijua kwa nini."

Marlucia alimsogelea. "Baba, hukujua."

"Sikujua. Lakini nilikata." Alifuta macho kwa mkono wa shati. "Nilibakiza mitatu. Iko nyuma ya kinamasi, shoka halikufika. Kama haijafa, ninaweza kuwaonyesha."

Mwezi wa Oktoba, siku chache kabla ya mvua, walikwenda. Kinamasi kilikuwa na matope hadi magotini, na Osorio alikuwa na miaka sabini na nane. Deusdete aliinama.

"Panda mgongoni, mzee."

"Sitaki. Watu watacheka."

"Watacheka zaidi nikikuvuta miguu. Panda!"

Osorio alipanda. Deusdete aliguna.

"Mzee, unakula mawe?"

"Kushoto! Nimesema kushoto, Deusdete! Huyu hata kubeba hajui."

Walifika wakiwa wamelowa matope na kucheka. Miti mitatu ilikuwa pale, mirefu, na chini yake kokwa za mviringo zimetapakaa. Osorio aliweka kiganja kwenye gome la mti wa kwanza, akakaa hivyo muda mrefu. Deusdete alimtazama, akaacha utani. Akapiga magoti, akaanza kuokota. Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja ya kikundi.

Kwanza walijenga uzio hatua thelathini kutoka mtoni pale palipokuwa na nafasi, na nyuma ya nyumba waliuweka karibu na ukuta. Ng'ombe wakachimbiwa birika lao la maji, wasishuke tena mtoni. Mvua za kwanza ziliponyesha, kikundi kizima kilikuja. Walimwaga mchanga kwenye turubai, wakamimina mbegu zote: jatoba, guanandi, inga zilizovunwa jana yake, na aina nyingine zaidi ya arobaini. Juu yake wakamimina mbaazi.

"Mbaazi za nini?" aliuliza Deusdete. "Tunapanda msitu au tunapika?"

"Mbaazi zinakua haraka," alisema Mama Zulmira. "Zinatia kivuli, nyasi zinashindwa. Miti inakua polepole chini yake. Baada ya miaka miwili mbaazi zinakufa na kuwa mbolea."

Walichanganya kwa mikono, wakapanda kwenye mistari kando ya mto.

Mwaka wa kwanza mto ulimega tena hatua mbili. Zilionekana mbaazi tu, na Deusdete hakulala vizuri. Marlucia alimshika mkono, akampeleka ukingoni, akafunua majani. Chini kulikuwa na miche midogo, majani mawili mawili, isiyohesabika.

"Wapo," alinong'ona, kana kwamba ni watoto waliolala.

Mwaka wa pili miche ilifika kiunoni, na ukingo ulimeguka hatua moja tu, zikabaki kumi na tisa. Mwaka wa nne ilikuja mvua kubwa kuliko ile iliyochukua kibanda. Maji yalipanda yakaingia katikati ya miti. Familia ilikaa jikoni siku mbili, vitu vyao vimefungwa tayari. Siku ya tatu maji yalishuka. Deusdete alitoka na kupima kwa miguu. Alipima mara mbili. Kisha akaita kwa sauti kubwa:

"Kumi na tisa! Marlucia, hata hatua moja haikwenda!"

Marlucia alikimbia bila viatu. Matope yalikuwa yameganda kwenye mashina, lakini miti ilisimama, na mizizi ilikuwa imeshika udongo.

Mwezi uliofuata alijenga kibanda kipya upande wa barabara, mbali na mto. Unga wa kwanza aliwagawia watu wa kikundi. Mama Zulmira alikuja kuchukua wake, daftari mkononi. Osorio akamwita.

"Zulmira, kwenye hilo daftari, guanandi umeandika nani aliyekusanya?"

"Deusdete. Yeye ndiye aliyeokota."

"Ongeza na mimi."

"Wewe?"

"Huku watu wananijua kwa shoka," alisema mzee. "Nataka wanijue na kwa hili."

Mama Zulmira alikaa kando yake. Aliandika jina la Osorio kwa herufi kubwa, taratibu, ili mzee aweze kusoma mwenyewe. Osorio alifuata kila herufi kwa kidole mpaka mwisho, akasoma tena, kisha akamwomba Zulmira amwonyeshe na mkwewe.